Gego la miaka sita si jino la utoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi na walezi ambao watoto wao wameanza darasa la kwanza mwaka huu. Mimi ni tabibu wa meno mstaafu. Nimetumikia vituo vya afya vya serikali mkoani Tanga, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa wilayani Muheza. Ninalo jambo moja. Mtoto akikaribia miaka sita huota magego ya kudumu nyuma kabisa ya meno yake ya utoto, na hayo ndiyo meno ya kudumu tunayoyapoteza mapema kuliko mengine yote, kwa kuwa wazazi wengi hawajui kwamba yameshaota.

Jino la mbele lina habari zake. Linalegea, mtoto analichezea kwa ulimi siku nzima, linatoka, analitupa juu ya bati, wenzake wanamtania kibogoyo, kisha jipya linachomoza na nyumba nzima inaliona. Gego la miaka sita halisukumi jino lolote. Halina pengo la kulitangulia. Linatoboa ufizi nyuma ya magego ya utoto, mahali ambapo mtoto hata acheke vipi halionekani, na mara nyingi haliji na homa wala kilio. Mama akija kuliona siku lina shimo, anasema ni la utoto, litang'oka lenyewe. Halitang'oka. Hilo ndilo atakalotafunia chakula mpaka uzeeni, na likitoka hakuna la kulifuata.

Nawaomba mfanye hivi jioni ya leo. Mketishe mtoto penye mwanga, au tumia tochi ya simu. Anzia jino lililo katikati ya kinywa, uhesabu kuelekea nyuma kwa upande mmoja. Ukikuta pengo, lihesabu nalo. Nafasi tano za kwanza ni za meno aliyoanza nayo tangu mdogo, yawe bado yapo au yameshabadilishwa. Ukikuta jino la sita, ndilo lenyewe. Ni pana kuliko jirani yake, juu limejaa mifereji, na pengine nusu yake bado imefunikwa na nyama ya ufizi. Yako manne, mawili chini na mawili juu, na ya chini mara nyingi hutangulia. Wako watoto wanaoyapata kabla hawajatimiza sita, na wako wanaochelewa hadi saba.

Siku moja ya gulio aliletwa kwangu binti wa darasa la tatu. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limekuwa dogo, na kichwani amefungwa kanga iliyopita chini ya kidevu. Aliniamkia vizuri, sauti ikitokea puani kwa maumivu. Mama yake alikuwa ameshampa vidonge vya kutuliza mpaka vimekwisha.

"Dokta, wewe ng'oa tu," akaniambia. "Ni la utoto hilo, litaota jingine."

"Mama, hili halioti tena."

"Mbona ana miaka tisa tu?"

Lilikuwa gego la chini upande wa kushoto, la sita katika hesabu. Uozo ulikuwa umekula kichwa chote na usaha umejaa chini, kwa hiyo kuling'oa ilibidi. Lilipotoka nililisafisha, nikaliweka juu ya pamba kiganjani mwa mama. Jino la utoto lililofika wakati wake hutoka kichwa kitupu, mizizi imeshayeyuka. Hili lilikuwa na mizizi miwili minene, mirefu kuliko kichwa chenyewe. Aliligeuza huku na huku, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hayo mengine matatu je?"

Mhariri, natamani swali hilo liulizwe na kila mzazi kabla shavu halijavimba. Tulimfungua binti kinywa tukaangalia pamoja. Moja lilikuwa safi. Mawili yalikuwa na weusi ndani ya mifereji, hayajatoboka, hayamuumi. Hayo yalikuwa ya kuziba siku ileile. Lakini katika kituo kile siku ile ganzi ilikuwepo, makoleo ya kung'olea yalikuwepo, saruji ya kuzibia haikuwepo, na haikuwepo kwa miezi. Nikamwelekeza mjini Tanga. Alikwenda, na nashukuru kwamba nauli aliipata. Najua wengi ambao hawakuipata.

Kwa nini gego hili huoza upesi hivyo? Kwanza ni mifereji yake. Ni myembamba na ina kina, chakula kikiingia humo ulimi haukitoi. Pili, jino jipya huwa bado halijakomaa ngozi yake ya nje, linaendelea kukomazwa na mate kinywani. Tatu, huchukua muda mrefu, miezi mingi, kupanda mpaka likalingana na wenzake na kukutana na la juu yake. Wakati huo wote liko chini, mtoto halitumii kutafuna, na mswaki hulipita kwa juu. Ndani ya mifereji hiyo hukaa ukoga, ule utando mlaini unaousikia kwa ulimi ukiamka asubuhi. Ukoga ni vijidudu vilivyo hai. Mtoto akila sukari navyo vinakula, na kinachotoka ni asidi inayoyeyusha jino kidogo kidogo. Wazee husema jino limeliwa na mdudu. Hakuna funza ndani ya jino, nimeyafungua ya kutosha kulisema hilo, na moshi wa kumfukuza haujawahi kuziba shimo.

Mate ndiyo yanayotuokoa. Baada ya kula kitu cha sukari, mate huchukua kama nusu saa au zaidi kuiondoa asidi na kurudisha madini kwenye jino. Mtoto akinywa chai ya sukari na maandazi asubuhi akamaliza, kinywa kinapata nafasi ya kujirudisha. Mtoto anayemumunya pipi ya kijiti kuanzia mapumziko ya kwanza, akapokea lambalamba saa sita, akarudi nyumbani na ubuyu wa rangi mfukoni, kinywa chake hakijapumzika siku nzima. Sukari iliyogawanywa kidogo kidogo mchana kutwa huozesha kuliko ileile iliyoliwa kwa mara moja. Kwa hiyo ninapomwambia mzazi apunguze, namaanisha kwanza apunguze mara. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Soda moja ya chupa kwa mtoto wa miaka sita inakaribia kumaliza fungu lote la siku.

Sitaki mtu asome barua hii akawafukuze akina mama wanaouza nje ya lango la shule. Wanasomesha watoto wao kwa meza zile. Nimekaa nao, wengine ni jirani zangu. Ninachowaomba walimu wakuu ni kuzungumza nao kuhusu kinachouzwa saa za masomo. Muhogo wa kukaanga, karanga, mahindi ya kuchemsha, embe bichi na chumvi yake, na kwetu Muheza machungwa hatujawahi kuyakosa. Mtoto akila chungwa zima akamaliza ni tofauti kabisa na kunyonya juisi ya pakiti kwa mrija kipindi kizima. Biskuti nazo zitazamwe. Watu huzidharau kwa kuwa hazina utamu mkali wa pipi, lakini unga wake hujikandika ndani ya ile mifereji niliyoitaja ukakaa.

Usiku ndio wakati wenye hatari zaidi. Tukilala mate hupungua sana, na kilichobaki kinywani kinafanya kazi mpaka asubuhi bila kuzuiwa. Wengi wetu tumelelewa kupiga mswaki asubuhi tu, ili tutoke tukiwa nadhifu. Asubuhi ni vizuri, endeleeni. Lakini kama mtoto wako atapigiwa mswaki kwa makini mara moja tu kwa siku, basi iwe usiku, baada ya chakula cha mwisho, na baada ya hapo asipate kingine ila maji.

Na nimesema atapigiwa. Mkono wa mtoto wa miaka sita haufiki nyuma, hata kama anakuambia ameshamaliza na povu limejaa. Mpigie wewe mpaka afike miaka minane hivi. Simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifuani kwako, umvute shavu kwa kidole. Mswaki usiupitishe kwa urefu wa safu, kwa sababu utapanda juu ya magego ya utoto ambayo ni marefu zaidi, na lile jipya litaachwa. Uingize kwa upande, kutokea shavuni, ili nywele zake zitue juu ya gego lile peke yake, usugue polepole mbele na nyuma. Ufizi ukitoa damu kidogo usiache. Damu ile mara nyingi ni ya ukoga uliokaa pale, na siku chache za kusafisha vizuri huikomesha.

Dawa ya meno iwe yenye floraidi, yale madini yanayoimarisha jino. Soma ubavuni mwa tyubu. Kiwango kinachofaa ni kati ya 1000 na 1500, kimeandikwa kwa herufi ndogo za ppm. Mtoto wa chini ya miaka mitatu anatosha na kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita punje ya njegere. Ile picha ya tangazo, dawa imejaa mswaki mzima, ni ya kuuza dawa. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji, maana akisukutua anaiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Hili la kutosukutua wazazi hunibishia sana, wanaona uchafu. Mate ateme mara tatu nne, yanatosha.

Najua wasomaji wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru wataniuliza kuhusu meno yao ya kahawia. Wana haki. Floraidi ya kule iko ndani ya maji ya kunywa, kwa wingi uliopita kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, na nyingine huingia kwa magadi yanayowekwa kwenye makande na maharage. Humezwa miaka ile jino linapotengenezwa ndani ya taya. Dawa ya meno inayopakwa kidogo ikatemwa ni jambo jingine. Kwa watoto wa huko nasisitiza tu kile kipimo cha punje, na mzazi asimame hapo ahakikishe mtoto hamezi.

Mswaki wa mti sina ugomvi nao. Babu zetu waliutumia, na walimu wa madrasa wanaufundisha kama sunna; laiti kila mwalimu angeusisitiza hivyo. Mtu mzima anayejua kuutafuna ncha ukawa nywele anasafisha vizuri sana. Ila mtoto mdogo hawezi kuupindisha ufike kwenye gego la nyuma, na floraidi ya kutosha haina. Mkaa na mchanga siviafiki hata kidogo, vinakwaruza ngozi ya jino, na ngozi hiyo ikiisha hairudi. Karafuu naijua vizuri. Mafuta yake tunayo hata sisi chumbani, tunayachanganya katika dawa ya kuzibia kwa muda. Inatuliza maumivu kweli. Tatizo ni kwamba mzazi akiona maumivu yametulia anaahirisha safari, na uozo unaendelea kushuka. Tindikali ya betri nimeona ikitumika. Inaunguza ufizi na shavu, na jino haliponi. Naomba yeyote anayemshauri mwenzake jambo hilo aache.

Turudi kwa meno ya utoto yenyewe, kwa sababu nisije nikaeleweka kwamba hayo yaachwe yaoze. Magego ya utoto hukaa mpaka mtoto ana miaka 10 hadi 12. Mtoto wa darasa la kwanza bado atayatafunia miaka minne au sita. Gego bovu la utoto linaugusa ubavu wa gego jipya, na vijidudu haviulizi hili ni la nani. Likitolewa mapema, lile la nyuma linasogea mbele na kuziba njia, na la kudumu linalokuja linaota limepinda. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Mtoto mwenye jino linalomuuma hasikilizi mwalimu, hali, halali. Walimu wanaosoma barua hii wanamjua huyo mtoto, ndiye anayelaza kichwa juu ya dawati.

Sasa niseme na viongozi. Kuna njia ya kuziba jino isiyohitaji mashine wala umeme, na njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa chuo cha meno Dar es Salaam walianza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake, kisha kuziba. Leo inafundishwa duniani kwa jina la ART, kifupi cha Kiingereza cha Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba jino bila kuumiza (si ile ART ya dawa za UKIMWI), na Shirika la Afya Duniani liliipigia debe Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994. Nimeifanya mara nyingi, tena nyingine chini ya mwembe katika uwanja wa shule. Unakwangua uozo mlaini kwa kijiko kidogo cha chuma mpaka ufike pagumu. Unakausha kwa pamba. Unakoroga unga na maji yake juu ya karatasi, unapata saruji nyeupe, unaijaza kwenye shimo na kwenye mifereji yote ya gego. Kisha unapaka kidole chenye glavu mafuta ya mgando, unaibonyeza saruji kwa nguvu ili iingie hadi chini, unashikilia. Inaganda. Mtoto anaambiwa asile kwa saa moja, anarudi darasani. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki, na saruji ile inaendelea kutoa floraidi kidogo kidogo kulilinda jino.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo si anasa ya kliniki za mjini. Nawaomba waganga wafawidhi wa vituo vya afya, mnapoandika maombi kwenda Bohari ya Dawa, mkiandika ganzi muandike na saruji. Chumba cha meno chenye koleo bila saruji kinawafundisha wananchi kwamba jino lina tiba moja, na wakishaamini hivyo hawaji mpaka lifikie kung'olewa. Nimekaa katika chumba hicho, nimeona mafunzo hayo yanavyoshika.

Walimu wa darasa la kwanza nawaomba kidogo. Mstarini mnakagua kucha, nywele na sare. Ongezeni kinywa, mara moja kwa muhula inatosha, na mtoto mwenye weusi nyuma apewe kikaratasi cha kumpelekea mzazi. Januari mnapotoa orodha ya mahitaji, yale madaftari, penseli na ufagio, andikeni na mswaki. Bei yake haiko mbali na bei ya soda mbili.

Na mzazi uliyemkagua mwanao jioni hii ukakuta doa jeusi au la kahawia kwenye jino la sita, mpeleke wiki hii, akiwa hana maumivu. Huo ndio wakati wenyewe. Kabla hujatoa nauli, piga simu au mwulize aliyekwenda karibuni, na swali liwe hili: hapo mnaziba, au mnang'oa tu? Wakikujibu kwamba saruji imekwisha, waulize inakuja lini, uulize pia kituo gani cha jirani wanayo. Waulize kila mwezi. Maombi ya dawa huandikwa kwa kuangalia kile ambacho wagonjwa wamekuja kukidai, nayo saruji kwa miaka mingi haikuwa na mtu wa kuidai.

Tabibu wa meno mstaafu,
Muheza, Tanga.
(Jina langu kamili nimemwachia Mhariri.)